Maagizo ya Daktari kwa Kamanda

Ijulikane kwa wakazi wote wa Thika, Ruiru na vitongoji vyake kwamba Bwana Kagwe, mwenye duka la mabati na mzee wa kanisa kwa miaka kumi na miwili, hakuwahi kumwonea wivu mtu yeyote. Jirani yake Njau aliponunua tangi la maji, Kagwe alinunua mawili, lakini hiyo ilikuwa kiu.

Mbwa si mtu.

Jumamosi moja Kagwe alisimama mlangoni akimtazama mkewe, Emmah, akimkausha mbwa wao Kamanda kwa taulo la buluu.

"Mama Becky, hilo si taulo langu?"

"Lilikuwa," alisema Emmah bila kugeuka. "Asije akapata homa. Ametoka majini."

Mambo yalianza Novemba, wiki ile ile magoti ya Kagwe yalipomshinda. Alipanda ngazi za hospitali akipumzika kila baada ya ngazi tatu, akapewa barua, akarudi nayo nyumbani, akaitupa kwenye debe la taka jikoni bila kuisoma. Yeye haagizwi na daktari aliyezaliwa juzi.

Siku mbili baadaye binti yao Becky alimpeleka mbwa kwa chanjo. Becky alikuwa msichana mwenye adabu, akili nyingi na nywele nzuri, aliyerudi kutoka shule ya bweni wiki moja kabla ya wenzake kwa sababu ya jambo fulani la karatasi za ruhusa ambalo halikuthibitishwa. Kutoka kwenye chanjo alirudi na maagizo ya daktari. Karatasi ilikuwa imekunjamana na kunuka vitunguu. Becky alieleza kwamba Kamanda aliitafuna njiani.

Emmah aliisoma kwa sauti. Jina, Kamanda. Umri, miaka 4. Mgonjwa ni mzito kupita kiasi na magoti yake yamechoka. Aogelee nusu saa kila Jumamosi kwa wiki nane, kwa sababu maji hubeba uzito, viungo vikapumzika huku moyo na misuli vikifanya kazi. Apunguze mafuta na chumvi. Asikae mbele ya televisheni siku nzima. Presha ipimwe.

"Ngai! Mbwa ana presha?" aliuliza Kagwe.

"Siku hizi wana hata mawazo, Baba," Becky alimjibu kwa upole.

Barua ilibandikwa kwenye friji. Kila Jumamosi asubuhi Emmah aliwasha pikapu ya duka, Kamanda kiti cha mbele, wakaelekea Ruiru kwenye nyumba moja ya wageni iliyoruhusu mbwa kuogelea kabla maji ya bwawa hayajabadilishwa. Alirudi akicheka. Dalmas amesema hivi, Dalmas amefanya vile.

"Dalmas ni nani?"

"Mtunzaji wa bwawa. Ndiye huingia na Kamanda majini. Ana mikono yenye nguvu, huyo!"

Baada ya wiki mbili, mbwa aliyekuwa akilala hadi saa sita alikuwa akiruka ua. Njau alichungulia langoni akasema, "Kamanda amekuwa kijana!" Tangu harusi yake, hakuna aliyemwambia Kagwe kwamba amekuwa kijana.

Jumamosi ya tatu alikwenda nao, kuangalia tu. Kamanda hakukubali kuacha kiti chake, basi mzee wa kanisa alisafiri nyuma pamoja na mabati.

Bwawani Dalmas alimshika mbwa tumboni. Emmah alipiga makofi. "Kamanda wangu! Ona miguu hiyo!"

Kagwe alivua viatu.

"Wewe, toka. Nipe mbwa wangu."

Aliingia na fulana na kaptura, akatembea kando ya Kamanda, akapiga maji, akazama, akaibuka, akafika ng'ambo ya pili kwanza. Emmah alipiga makofi tena. Kagwe hakuweza kujua ni ya nani, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alirudi kuhakikisha.

Nyumbani pia hakukubali kushindwa. Kamanda akila mboga za kuchemsha, naye alidai zake. Kamanda akitoka kukimbia uani, televisheni ilizimwa na Kagwe akatoka. Kufikia wiki ya nane alikuwa akivuka bwawa mara nne bila kusimama, Kamanda mara tatu, na mshipi wake wa suruali ulikuwa na matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari wa mabati.

Kisha wiki zikaisha, na Kagwe akakosa raha. Mzee wa kanisa hawezi kwenda kurusha maji Ruiru bila sababu ya maana. Aliibandua barua, akawachukua Kamanda na Becky, akapanda ngazi ishirini hadi kwa daktari wa mifugo mjini Thika, akizungumza njia nzima.

"Daktari, mwongezee wiki nane. Magoti bado."

Daktari Mukonyo alimtazama Kamanda, ambaye alikuwa akirukia pazia. Akaitazama karatasi. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani aliandika hii?"

"Si wewe?"

Daktari alikwaruza kwa ukucha. Unga mweupe wa wino wa kufutia maandishi ulidondoka mezani. Kando ya ile 4 ikajitokeza 5. Akakwaruza tena, mahali pa jina.

Kagwe alilisoma jina lake mara mbili. Kisha akageuka polepole kumtafuta Becky, yule msichana mwenye adabu na akili nyingi. Mlango ulikuwa wazi.

Nilikiri kila kitu kwenye ngazi ya tatu, kwa sababu hapo ndipo Baba aliponikamata, na wala hakuwa anahema.