Kipimo cha Pini

Wakili wa fundi mwenyewe ndiye aliyedai fundi afungwe macho.

Hakutaka maneno ya baadaye. Wakili wa hospitali, aliyekuwa amekaa pembeni na faili mapajani, alikuwa hodari wa kugeuza mambo, na kesho angesema fundi aliiona pini ikija akajikaza. Basi afungwe, yaishe. Daktari akasema hana neno. Akamlaza fundi vizuri kitandani, akamzungushia kitambaa cheusi mara mbili.

Daktari huyu mzee hakuwa wa upande wowote. Aliteuliwa na mahakama. Hospitali ilikuwa imeahidi kwa maandishi kwamba akithibitisha miguu ya fundi imekufa, itakiri kosa na kumtunza maisha yake yote. Akisema vinginevyo, kesi ndiyo basi.

Fundi alikuwa mwanamke, fundi cherehani. Miaka miwili nyuma alikwenda kufanyiwa upasuaji mdogo, ule wa kulazwa leo na kutoka kesho, akachomwa sindano ya ganzi mgongoni, na ganzi haikutoka. Aliingia kwa miguu yake, akatoka kwa kiti cha magurudumu. Hospitali ikasema anajifanya. Mtu aliyekula kwa kukanyaga cherehani, leo ajifanye hana miguu!

Wakili hakuwa mtu wa kulia na wateja. Miaka ishirini ya kusikiliza watu waliokatwa mguu mzima badala ya mbovu, watu waliosahauliwa pamba tumboni, ilikuwa imemwotesha sugu moyoni. Alisikiliza, akaandika, akaenda kula. Mkewe alimwambia siku moja kwamba kuongea naye ni kuongea na ukuta, na ukuta angalau haukoromi. Yeye hakuona ubaya. Wateja nao walimdanganya kidogo kidogo, huyu akiongeza maumivu, yule akipunguza pombe, akazoea.

Katika wote hao alimwamini mmoja tu, naye ni huyu fundi. Alimwahidi jaji kwamba mwanamke huyu akionekana mwongo, yeye ataacha uwakili. Wenzake walimcheka, wakamkumbusha kwamba kiapo hakiliwi kwa niaba ya mtu mwingine.

Asubuhi hiyo, nje kwenye benchi, dada yake fundi alimnong'oneza wakili kwamba mdogo wake amebadilika. Mwezi huu wote hataki kubebwa wala kuogeshwa, na mchana anataka afungiwe chumbani peke yake mpaka jioni. Wakili alimtuliza. Hiyo ni huzuni, dada yangu, alimwambia, nimeiona kwa wengi.

"Mama," daktari alisema, "mimi sitakuuliza kitu. Ukihisi pini, sema ndiyo. Usipohisi, sema hapana. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Pini ikagusa kidole gumba cha mguu wa kulia.

"Hapana," fundi alisema.

Ikagusa kisigino.

"Hapana."

Daktari hakuwa na haraka. Mara alichoma goti na paja kwa kufululiza, na fundi akasema hapana, hapana. Mara alikaa dakika nzima pini ikiwa hewani, akitazama dirishani, na fundi naye akakaa kimya. Alipopanda juu ya kitovu fundi alisema ndiyo, na wakili akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, maana hata vyeti vyote vilisema ganzi inaishia kiunoni. Kisha daktari akarudi tena chini, unyayo wa kushoto.

"Hapana."

Sauti yake ilikuwa ileile, kavu, ya mtu aliyechoka kuulizwa. Wakili alihesabu hapana kumi na tisa. Ilipofika ya ishirini, kitu kikamlegea kifuani, akashangaa ni nini. Ilikuwa furaha. Hakukumbuka mara ya mwisho kufurahi ilikuwa lini, na sasa ilimjia pale, kwenye chumba kinachonuka spiriti, akatamani kwenda kumwambia mkewe kwamba ukuta umepata ufa.

Wakili wa hospitali alifunga faili lake. Alisimama, akavuta suruali juu, akampa mwenzake mkono.

"Umenishinda, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nitawapigia wakubwa zangu leo leo. Mama wa watu tumemsumbua bure."

Wakili akaupokea mkono. Akatabasamu.

Daktari alikuwa bado amesimama pale pale miguuni mwa kitanda. Hakuwa ameandika kitu. Aliichomeka pini kwenye pamba, akavua miwani, akamtazama wakili kwa muda mrefu, kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa na bado hajaambiwa.

"Wakili," alisema taratibu, "mimi sikumuuliza kitu, na yeye haoni. Sasa kila nilipomchoma, alijuaje wakati wa kusema hapana?"