Maziwa ya Kubarikia

Katika hoteli moja ya Kitale, bibi kizee Kogo Jelagat alipiga funda la maziwa ili awapulizie kifuani wajumbe waliokuwa wakienda ng'ambo kujadili masharti ya biashara ya bidhaa za nje. Ndivyo wazee wa Mlima Elgon wanavyobariki safari.

Ulimi ukashtuka. Yalikuwa mepesi kama maji ya kusuuzia sufuria, na chembe za unga zikamnata kwenye ufizi. Unga wa maziwa wa kutoka nje! Uleule uliofanya kiwanda kiyakatae maziwa ya ng'ombe wake asubuhi, ati unga ni bei rahisi.

"Kogo, si utubariki?" kiongozi wao akahimiza, ameshatoa kifua.

Jelagat akayatema yote ndani ya bilauri, akamkabidhi.

"Hii maziwa ni yenu. Jibarikini nayo."