Alama za Sikudhani

Mwalimu Halfani aliipenda hadithi ya Sikudhani tangu mstari wa kwanza. Alimwita mezani, akawa anasahihisha mbele yake kwa kalamu nyekundu. Mandhari, chumba kimoja: vema. Wahusika, mama, binti na baba wa kambo: vema. Alipofika kwenye panga linalonolewa uani kila jioni, akaandika pembeni kwa furaha. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho, mtupu.

"Mbona umeikatisha, mwanangu? Mgogoro upo, hatima haipo."

"Nimeandika mpaka jana, Mwalimu."

Kengele ya kurudi nyumbani ikalia. Wenzake wakatoka mbio. Sikudhani hakusogea.

Mwalimu akarudi ukurasa wa nyuma. Kando ya panga, wino wake ulikuwa haujakauka: Taharuki safi sana!