Jina Lililofutwa Nyumbani

Mzee Mwakalebela hakuwa na shahada, hakuwa na mtoto aliyekaa karibu, wala hakuwa na fundi wa kumwita. Mafundi hawakuwepo popote. Kila nyumba iliendeshwa na programu huria, na sheria ilimtaka mwenye nyumba aitengeneze mwenyewe kwa kusoma miongozo. Yeye alijifunza katika masomo ya jioni, na miongozo aliyoiandika ilisomwa mtaa mzima.

Jumapili alikuwa akisafisha orodha ya watumiaji wa nyumba yake. Akaona jina Sekela, akadhani ni mpangaji wa zamani, akalifuta bila kuweka nakala ya akiba, kosa ambalo aliwaonya wasomaji wake kila mara.

Mkewe aliporudi kutoka sokoni, mlango ulimuuliza yeye ni nani.

"Mimi Sekela."

"Hufahamiki. Ingia kama mgeni."

Akaingia, akaketi sebuleni na kapu lake mapajani. "Baba Tumpe, nimiminie basi chai ya mgeni. Kumbe hata jina langu hulijui?"

Mzee alitazama sakafu. Tangu binti yao azaliwe, yeye alimwita mkewe Mama Tumpe tu.

"Mgeni," nyumba ikasema, "umebakiwa na saa moja ya kukaa."

Bila nakala ya akiba, njia ya kulirudisha jina ilikuwa moja: kuwaomba msaada walioiandika programu, kwa barua ambayo kila mtumiaji wa programu hiyo angeisoma. Akaandika: "Nimemfuta Sekela. Ni mke wangu. Nililisahau jina lake."

"Weka na lako," mkewe akasema. "Lote."

Akaliandika lote, akaifunga barua kwa alama ya dole gumba, akaituma.