Mguu wa Maonyesho

Asubuhi ile wageni walifika hospitali ya jeshi kuutazama mguu mpya wa bandia, ambao daktari, Meja Lukwaro, alikuwa akiufanyia majaribio kwa askari waliopoteza miguu vitani. Koplo Sikudhani ndiye aliyechaguliwa kutangulia kutembea mbele yao.

“Afande, mguu huu unanichubua,” alimwambia daktari mlangoni. “Nimekwambia tangu wiki iliyopita.”

“Wewe ni askari. Jikaze, na utabasamu.”

Akaingia ukumbini. Wageni wakapiga makofi kabla hajafika hata katikati. Kila hatua maumivu yalimpanda mpaka nyongani, na soksi aliyokivalisha kigutu cha mguu wake ilikuwa imelowa. Akawaza kwamba akitabasamu leo, kesho mguu huu watavishwa wengine wengi. Alipofika kwenye meza ya wageni alivuta kiti, akaketi, akauvua, akauweka katikati ya chupa za soda. Soksi ilikuwa nyekundu.

“Nilisema unaumiza, sikusikilizwa,” aliwaambia. “Sasa tazameni wenyewe.”

“Koplo! Vaa mguu huo! Hiyo ni amri!” daktari alifoka.

“Mguu wangu niliutoa kwa amri, afande. Huu siuvai.”

Hakuna aliyepiga makofi tena. Sikudhani akashika ukuta, akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja kuelekea mlangoni, kichwa juu. Nyuma yake, kwenye benchi walikoketi askari wenzake wakingoja zamu yao ya kutembea, akasikia mikanda ya mguu mwingine wa bandia ikifunguliwa. Kisha mingine.