Kope la Bi Mkubwa

Mama mkwe alimbana Bi Mkubwa, mbuzi wake mwenye mimba, katikati ya magoti, akalivuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa kweupe kama karatasi.

"Mama, unatafuta nini humo?" aliuliza mke wa mwanawe, aliyeshika pembe. Tangu naye apate mimba, hakuna kitu alichokipita bila kukiulizia.

"Damu. Minyoo wa tumboni wanaifyonza. Mbuzi akikaribia kuzaa, mwili huchoka kupigana nao, nao hufanya karamu."

"Mbona amenenepa?"

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Hilo ni tumbo la mimba."

Mkwe alicheka. "Kumbe ni kupungukiwa damu kunakomfanya alambe ukuta wa zizi! Nikadhani ananiiga."

"Anakuiga nini?"

Mkwe alijipangusa mdomo upesi, lakini vumbi jekundu la ukutani lilibaki pembeni.

Mama mkwe alimwachia mbuzi. Alinawa mikono kwenye ndoo, akaikausha kwenye sketi, akamvuta mkwewe penye mwanga.

"Hebu tazama juu, mwanangu," alisema, kidole gumba kikiwa kimeshafika chini ya jicho.