Uzi wa Mama Mkwe

Mkaguzi wa forodha aliinua macho kutoka kwenye robota la uzi, akaona mwenye mzigo ni mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fanya kazi yako, mwanangu."

Mzigo ulikuwa umeandikishwa kuwa hariri ya mabaki, iliyosokotwa kwa vipande vifupi, yenye ushuru mdogo. Ukiwa hariri safi, utataifishwa. Akimtaifishia mama yake mzigo, mumewe angemwambia nini?

Akafumua uzi mmoja kwa kucha. Unyuzi wa hariri safi ni mrefu, kama hauna mwisho. Akavuta. Uzi ukaachia, nyuzinyuzi fupi kama kope zikabaki vidoleni.

Mabaki kweli! Akashusha pumzi, akagonga muhuri.

"Mbona jasho?"

"Joto tu, mama."

"Joto! Mwenzio sikulala, nikiwaza wameniuzia uzi gani."